Shimo la Viazi

Mwaka ule nguruwe mwitu waliteremka kutoka msituni mapema kuliko kawaida. Oktoba ilikuwa haijaisha. Jalidi ilikuwa imeanguka mara moja tu, ikayageuza majani ya maboga kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Na tayari walikuwa wamefukua bustani tatu za huku kwetu chini wakitafuta plamu zilizooza. Bustani ya nne ilikuwa ya Zumra.

Zumra aliamka alfajiri, akasali, akavaa mabuti na koti lake la kazi, akatoka. Alikuta pembe yote ya mwisho, ng'ambo ya miplamu, imepinduliwa kana kwamba mtu amepita na plau. Akasimama pembeni, mikono kiunoni. Si kwamba alikuwa amepanda kitu pale. Tangu arudi kijijini, mwaka wa tano sasa, pale palikuwa na magugu ya kumfika kifuani na kijiti chenye kitambaa chekundu. Sasa magugu yalikuwa yamelazwa na kijiti kimevunjika. Nyayo zilikuwa kila mahali, nyingine pana kama za ndama.

Na hakuna kilicholipuka.

Kijiti kile alikipigilia jirani yake, Ostoja, wiki ile ile aliyorudi Zumra. Alimwambia kwamba wakati wa vita askari walitega mabomu pale, na yeye aliwaona kwa macho yake kutoka dirishani. Zumra alitaka kuwaita watu wa kutegua mabomu. Ostoja akamkataza. "Ukiwaita hao, watazungushia utepe bustani nzima, miaka miwili hupandi hata kitunguu. Acha tu pembe ile. Kwani ardhi itakupungukia?" Zumra akaona ana akili. Bosnia yetu hii ina mashamba mengi yaliyoachwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Ostoja alikuwa mzee wa miaka sitini na nane, mrefu, mwenye kikohozi. Kabla ya vita nyumba zao zilitenganishwa na ua wa miti mifupi tu, na Ragib, mumewe Zumra, alikuwa akiazimana naye kila kitu hadi wembe. Vita vilipokuja mwaka tisini na mbili, Zumra na binti yake Nermina walipakiwa kwenye mabasi pamoja na wanawake wengine. Ragib akabaki. Alisema maharage yanahitaji miti ya kupandia na ng'ombe hawezi kujikamua. Ndilo neno la mwisho Zumra alilolisikia kwake. Baada ya hapo, miaka kumi na minne hakuna mtu aliyejua Ragib yuko wapi. Zumra alitoa damu yake mara mbili ili ilinganishwe na mifupa. Alipita kwenye kumbi ambamo viatu na mikanda vilipangwa sakafuni, akainama juu ya kila kimoja, akarudi mikono mitupu.

Aliporudi kijijini peke yake, Nermina akiwa ameolewa ng'ambo, mjini Graz, Ostoja alikuja siku ya tatu na beleshi begani. Hakusema mengi. Akaanza kulima. Na tangu hapo, kila vuli, kabla ya siku ya Kasum, mwanzoni mwa Novemba, ambayo upande wa pili wa ua wanaiita Mitrovdan, alikuja kumtayarishia bustani kwa ajili ya baridi. Aling'oa miti ya maharage akaifunga matita. Alisambaza samadi ya kondoo, akapindua udongo na kuyaacha mabonge makubwa vile vile ili barafu iyapasue yenyewe. Alipaka mashina ya miti chokaa na kuyafukia mawaridi udongo mpaka nusu. Sisi wengine tuliorudi tulisema, angalau Zumra kapata jirani. Savka, mkewe Ostoja, alikuwa akimtania juu ya ua: "Kwangu hata kuni hapasui, kwako anajitia kijana!"

Basi asubuhi ile ya nguruwe Zumra alimwita huku akicheka.

"Ostoja! Njoo uyaone mabomu yako!"

Ostoja akatoka na kikombe mkononi.

"Nguruwe wako wamekuja kufuturu kwa Mwislamu," Zumra akaendelea. "Saba, tena madume. Wamecheza juu ya mabomu weee, mpaka wamechoka, wakaenda zao salama. Mabomu gani hayo, ya chokoleti?"

Siku nyingine Ostoja angejibu. Angesema nguruwe wana busara, wanajua wapi plamu hazijafanywa pombe. Siku hiyo aliuegemea ua akatazama udongo uliopinduliwa, macho yakitembea polepole kama ya mtu aliyedondosha sindano.

"Usiingie humo," akasema.

"Kwa nini nisiingie?"

"Nguruwe wana bahati, Zumra. Wewe bahati yako uliimaliza zamani."

Lilimchoma neno hilo, lakini alilimeza. Akamweleza kuwa ndiyo kwanza ameona njia. Nyumba yake ilikuwa ya msaada, vyumba viwili juu ya zege, haina stoo ya chini. Baridi iliyopita viazi vyake viliganda bandani, vikayeyuka, vikanuka. Anahitaji shimo. Na shimo la zamani la baba mkwe wake, lililotunza viazi na karoti za ukoo mzima tangu enzi za mfalme, lilikuwa pembe ile ile, kwa sababu udongo wa pale una mchanga na maji hayasimami.

"Nitalifukua lile lile," akasema. "Natia nyasi kavu, natia mbao, kazi imekwisha."

"Nitakuchimbia jingine."

"Wapi? Huku juu kote ni udongo wa mfinyanzi."

"Nimesema nitakuchimbia."

Akaja siku hiyo hiyo. Akachimba karibu na pampu, maji yakajaa kabla hajafika magotini. Akahamia nyuma ya banda, akagonga mwamba. Alikohoa, akatema, akaegemea mpini.

"Weka kwangu," akasema. "Stoo yangu nusu iko tupu."

"Ili kila nikitaka karoti nije nikugongee? Savka atasema nimehamia."

"Atasema anachotaka."

"Mbona unanihangaikia hivyo, mzee? Ni shimo la viazi, si kaburi."

Ostoja alirudisha udongo kwenye lile shimo lenye mwamba, akausawazisha vizuri na mgongo wa beleshi.

Siku tano zilizofuata alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alilima bustani yote, mpaka sehemu ambazo miaka mingine waliziacha. Alipaka chokaa miti yote kumi na moja, akachoma majani ya nyanya, akashona wavu wa banda la kuku ambao Zumra hakumwomba aushone. Ila kufukia mawaridi tu ndiko kulikobaki, kwa kuwa hufanywa mwisho. Savka alikuja kumchukua kwa mkono jioni moja. "Mzee huyu atakufia humu, dada," akamwambia Zumra, "na wewe ndiye utakayemwosha." Walicheka wawili wale. Ostoja alikuwa ameshafika kwenye lango, hageuki.

Jumanne Ostoja alikwenda mjini kupigwa picha ya mapafu. Basi la kwenda huondoka saa moja asubuhi na kurudi saa nane na nusu. Zumra alimwona akipanda, amevaa koti lake la mazishi na harusi. Akanywa kahawa yake. Kisha akachukua beleshi akaenda kwenye pembe ile.

Yeye mwenyewe aliniambia kwamba aliogopa kidogo. Pigo la kwanza alilipiga amefumba macho, kama mtoto. Baada ya hapo hakuogopa tena. Udongo ulikuwa laini, kwa sababu nguruwe walishafanya nusu ya kazi, na mpaka wa shimo la zamani ulionekana wazi: pembeni ardhi ya manjano iliyoshikana, katikati udongo mweusi wa kujaziwa. Akafurahi. Alijiambia kwamba baba mkwe alichimba kiume, kuta zake bado zimesimama. Akafuata ukuta. Kufikia saa tano alikuwa ndani hadi magotini.

Beleshi likanasa kwenye kitu laini. Akadhani ni mzizi, akavuta. Kilikuja kitambaa. Akapangusa udongo kwa mkono, na chini ya udongo kukatokea rangi, kahawia na njano, na jicho. Lilikuwa jicho la chui milia. Ilikuwa blanketi, zile nzito za nyuzi za kiwandani ambazo haziozi, zilizokuwa katika kila nyumba zama zile.

Zumra aliijua blanketi ile. Nyingine kama hiyo, yenye chui yule yule, ilikuwa juu ya kochi la jikoni kwa Savka. Alikuwa akiikalia kila Jumamosi wakinywa kahawa.

Hakuifunua. Upande mmoja ilikuwa imeshafunuka yenyewe, na hapo palitokeza kisigino cha buti la mpira. Alilishika, likatoka kwa urahisi, jepesi kupita kiasi. Nyuma, juu ya kisigino, kulikuwa na kiraka cha mpira mwekundu wa tairi la ndani la baiskeli, kimekatwa vibaya, gundi imevuka mpaka. Zumra alimgombeza Ragib kwa gundi ile. Aliimwaga juu ya meza mpya.

Akakaa ukingoni mwa shimo, miguu ndani, buti mapajani. Hakulia, na alisema hajui kwa nini. Kuku walikuja wakaparura udongo alioutoa, akawa anawafukuza. Savka alimwita mara moja kutoka upande wa pili, akamwuliza kama ana chumvi ya mawe ya kabichi. Zumra akajibu anayo. Savka akasema atakuja kesho kuichukua.

Saa nane na nusu basi likasimama. Ostoja alishuka na bahasha kubwa ya eksirei kwapani. Alipofika usawa wa bustani akaangalia chini, kama alivyokuwa akiangalia kila siku, akamwona. Alipita langoni, akashuka polepole katikati ya matuta aliyoyalima mwenyewe. Alipofika kwenye mplamu wa mwisho akasimama. Akavua kofia.

"Zumra."

"Savka alipewa blanketi mbili za chui siku ya harusi," Zumra akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilimwuliza, ya pili iko wapi? Akaniambia ililiwa na nondo."

"Savka hajui. Alijua tu imepotea."

"Nani alimuua?"

Ostoja akaikunja kofia mikononi.

"Ni wewe?"

"Mimi? Mungu ni shahidi wangu..."

"Mungu mwache alipo. Nakuuliza wewe. Nani?"

Ostoja akakaa chini, palepale, na koti lake la heshima kwenye udongo wenye samadi. Alisema walikuja asubuhi na lori, watano, wakiuliza nyumba kwa nyumba kama kuna mwanamume aliyebaki. Yeye alikuwa dirishani. Ragib alikuwa kwenye maharage, akatoka hadi langoni na jembe mkononi, hakukimbia. "Hakukimbia kwa sababu alimjua mmoja wao. Alimwita. Akamwambia, wewe mwanangu, si mimi niliyekufundisha baiskeli..."

Akajiziba mdomo kwa kofia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Ragib alifundisha watoto wawili tu baiskeli katika maisha yake. Mmoja alikuwa Nermina. Wa pili alikuwa mtoto wa dada yake Ostoja, aliyeletwa hapa kila likizo ya shule, akala mezani kwa Zumra mara nyingi kuliko kwa mjomba wake.

"Rade," Zumra akasema.

Ostoja alifumba macho.

Rade alikuwa dereva wa malori sasa, ana mke na mabinti wawili, anaishi mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Kila mwaka huja kwa mjomba wake siku ya Mitrovdan, kwa kuwa ndiyo siku ya mtakatifu wa ukoo wao. Na kiangazi kile kile, mwezi wa Julai, alikuwa amemfungia Zumra pampu mpya. Alikunywa juisi yake ya waridi bilauri tatu, akamwita shangazi, akakataa malipo.

"Alikuwa na miaka ishirini na miwili, Zumra," Ostoja akasema. "Alikuwa amelewa tangu alfajiri. Wenzake walikuwa wanamtazama."

"Na Julai hii alipokuwa ananifungia pampu, alikuwa na miaka mingapi?"

Mzee akainamisha kichwa.

"Nijibu. Mkono ule ule uliofunga pampu? Nami nikampa maji anawe?"

"Ule ule."

Zumra alipapasa kiraka cha buti kwa kidole gumba. Baadaye akauliza, "Ulimlaza vipi?"

"Nini?"

"Nakuuliza ulimlaza vipi humu ndani!"

"Kwa ubavu wa kulia," Ostoja akasema haraka. "Uso upande ule, wa kinu cha kusagia, mnakoelekea mkisali. Nilikumbuka tulivyomlaza baba yake. Maneno yenu sikuyajua. Nilisema yetu, kisha nikaogopa labda nimekosea, nikanyamaza. Siku mbili alikuwa amelala barabarani, Zumra. Mbwa walikuwa wameanza kuja. Shimo lilikuwa wazi tangu baridi, nikamleta kwa toroli. Sikuwa na nguvu za kuchimba jingine."

"Na miaka mitano hii?"

"Kila vuli nilisema, vuli hii namwambia. Ninakuja, nakukuta umeweka kahawa. Nasema, kwanza nimalize kulima."

"Unalima, unamaliza, unakwenda zako."

"Ndiyo."

"Nami nikikuombea dua. Kila Ijumaa nilimwambia Mungu, mpe afya yule mzee."

Ostoja alianza kulia, kile kilio kibaya cha wazee wa kiume, kinachofanana na kikohozi. Zumra alimsubiri amalize. Kisha akamwambia atoke kwenye bustani yake. Akamwambia asiikanyage tena, wala kwa jembe wala kwa maneno, mpaka aende mjini akalitaje jina lile mbele ya watu wanaoandika.

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Na huyu ni mume wangu. Toka."

Watu wa serikali wanaotafuta waliopotea vitani walikuja keshokutwa yake, baada ya Zumra kuwaita, na magari matatu. Mwanamke mmoja mwenye nywele fupi aliongoza, wengine walivaa nguo nyeupe. Walizungushia utepe bustani yote, kama Ostoja alivyowahi kusema, ila siku tatu tu badala ya miaka miwili. Walikuwa wapole. Walichuja udongo kwa chekecheke, wakaweka kila kifungo kwenye mfuko wake. Udongo ule waliumwaga juu ya stroberi, kwa kuwa ilibidi waumwage mahali, na ardhi iliyolimwa ikakanyagwa ikawa ngumu kama uwanja. Mimi nilikaa na Zumra jikoni siku hizo, tukikata kabichi za kuchachusha kwenye pipa, maana kabichi haisubiri. Alikata nyembamba kabisa, sawa sawa, hakupoteza hata jani. Siku ya tatu mwanamke yule aliingia akavua glavu. Akamwambia kwamba jirani amekiri kumzika marehemu. Kuhusu waliomuua, ameandikisha kwamba alikuwa dirishani mbali, hakumtambua yeyote.

"Alimtambua," Zumra akasema. Akataja jina.

"Nimeliandika, mama. Lakini wewe hukuwepo. Anayepaswa kulisema ni aliyeona."

Siku ya Mitrovdan ikafika. Savka alikuwa ameoka mkate wa sikukuu na kuchinja, kama miaka yote. Hakuna gari lililosimama mbele ya nyumba yao. Rade hakuja, dada mtu hakuja, na majirani wa imani yao waliona haya kuja. Kufikia saa kumi Savka alitoka akawatupia kuku vipande vya keki. Alipomwona Zumra upande wa pili alifungua mdomo, akaufunga, akarudi ndani.

Zumra alianza upya kazi yote. Alikuwa na nyonga mbovu, na ardhi ile ilihitaji mtu wa kiume. Alipiga pigo moja la beleshi, akapumzika, akapiga jingine. Tulimwambia tuje, tupo watu watatu wanne wenye mikono. Akakataa. Siku nzima ilimtosha kupindua tuta moja, tena bila kina. Mvua ikanyesha wiki nzima, akalima kwenye matope, jambo ambalo hata mtoto anajua halifai. Na siku zote hizo Ostoja alikuwa amesimama nyuma ya ua. Alikuja asubuhi akasimama, akaenda kula, akarudi akasimama. Alimwona akishika beleshi vibaya, akamwona akianguka kwa goti mara moja na kujiinua kwa mpini. Mikono yake ilikuwa juu ya ua, inafunga na kufungua. Zumra hakugeuza shingo hata siku moja.

Siku Zumra alipoanguka mara ya pili, Ostoja alirudi ndani akavaa koti lake. Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita, akatembea hadi barabara kuu. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikaa katika ofisi ile saa nne nzima, akaeleza yote, jina, sare, lori, maneno ya langoni, na kutia sahihi kila ukurasa. Alirudi na gari la mtu.

Kabla jua halijazama dada yake alikuwa ameshapiga simu. Savka alishika simu mbali na sikio, na sauti ya mwanamke yule ilisikika hadi barabarani. Alimlaani Ostoja kwa mapafu yake, kwa macho yake, kwa mkono uliotia sahihi. Polisi walipofika kwa Rade walimkuta mke na mabinti. Yeye alikuwa ameshavuka mpaka na lori, tangu ile wiki watu wa nguo nyeupe walipoonekana bustanini kwa Zumra, na ng'ambo alikuwa na pasipoti nyingine. Savka alifunga masanduku mawili akaenda kwa binti yao. Alimwambia mumewe, nami nilikuwa kwenye lango lao nimeleta bakuli lake: "Miaka kumi na minne ulinificha. Ungelificha na jina hilo pia." Hakumuaga Zumra.

Theluji ilikuwa bado, lakini usiku ule baridi ilishuka vibaya. Asubuhi ndoo kisimani zilikuwa na kipande cha barafu unene wa kidole. Ostoja akaja kwenye ua, hajanyoa.

"Nimesema," akamwambia Zumra.

"Nimesikia."

"Jina na kila kitu. Nimetia sahihi."

"Nimesikia, Ostoja."

Akangoja. Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi. "Mawaridi hujayafukia," akasema hatimaye. "Na tuta la vitunguu vya liki. Nije?"

Zumra alichukua beleshi lililoegemea ukuta, akalipiga chini kwa nguvu zote mbele ya miguu yake. Lilitoa mlio kama limegonga jiwe, na halikuingia hata ncha.

"Uje ufanye nini?" akauliza.

Akaingia ndani.

Majibu ya damu yalikuja katikati ya Desemba, na Ragib akazikwa siku tatu baadaye, kilimani, pembeni mwa baba yake. Vijana walichimba kaburi kwa sururu, wakipokezana. Nermina alikuja kutoka Graz na mumewe. Jeneza lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani na lilikuwa jepesi, wabebaji hawakuhitaji kupokezana. Ostoja alisimama chini barabarani, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye theluji, tangu lilipopandishwa mpaka watu waliposhuka. Zumra alipita mbele yake akishikwa mkono na binti yake. Nermina alisimama, akataka kusema kitu, sijui kizuri au kibaya. Mama yake akamvuta.

Viazi alivitia ndani ya chumba cha kulala, chini ya kitanda, akazima jiko la chumba kile ili visichipue, akalala jikoni kwenye benchi majira yote ya baridi. Liki ziliganda ardhini. Mawaridi yalikuwa saba, yalikufa yote saba. Lile shimo hakulifukia. Lilijaa theluji, kisha maji.

Kesi imeitwa mara nne na kuahirishwa mara nne, kwa sababu mshitakiwa hayupo. Mara zote nne Ostoja alikwenda, akapanda basi na chupa yake ya hewa ya kupumulia kwenye toroli dogo, akakaa kwenye benchi la mashahidi. Zumra naye alikwenda. Basi ni hilo moja. Yeye hukaa mbele, nyuma ya dereva, na Ostoja hukaa nyuma kabisa, na wakishuka hapa kijijini kila mmoja huingia lango lake.